Sekunde Nne

Balbu ya zamani ilikuwa na rangi ya chai ya hospitali,
ile ya saa nane usiku, majani yale yale kwa kikombe cha tatu.
Miaka kumi na mmoja nimetoka nayo zamu Queenstown
kurudi Zeehan, magharibi ya Tasmania,
mvua ikinisindikiza kama jamaa asiyejua kuaga.
Sikuiona barabara. Niliikumbuka:
hapa kona, hapa daraja, hapa lami imebanduka,
na mkono ukageuza kabla jicho halijauliza.

Baba, aliyeniachia pikipiki hii na madeni mawili madogo,
alizoea kusema: endesha ndani ya taa yako.
Nilidhani ni uzee unaogopa.

Jumamosi Kazimierz akaifungua kwenye banda lake la mabati.
Babu yake alitoka Poland kuchimba mahandaki ya umeme,
naye mpaka leo huongea na nyaya kana kwamba zinamdai.
Akavuta waya mwembamba, umeiva kwa kutu.
«Huyu ndiye mwizi. Betri inatoa volti kumi na mbili,
taa inapokea kumi.»
Akatia waya mnene, fyuzi, rilei inayofyonza meno,
kisha taa yenyewe, mgongo wake una mapezi ya chuma.
Nikapanda, na viatu vyangu vya zamu, na uzito wangu wote,
naye akachora mstari wa chaki ukutani.
«Isivuke hapa. Ukimpofusha dereva wa lori la magogo,
utagongwa na nuru yako mwenyewe.»

Usiku wa kwanza nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.
Weupe ule! Kila tone la mvua na ncha yake,
mikangaga imesimama kando, jani kwa jani,
vibao vinapiga kelele.
Nikaongeza mwendo. Nani asingeongeza?
Hamsini na kitu ikawa mia na kitu,
mpaka ile tabia ya kuhesabu matone ya dripu ikanijia:
zamani niliona mita sitini, sekunde nne.
Sasa naona mita mia na ishirini,
sekunde nne.
Giza halikurudi nyuma hata hatua.
Nilikuwa nimelinunulia viatu vya kukimbilia.

Nikapunguza. Ndipo nikaona.
Yale niliyoyaita mawe, madimbwi, vipande vya tairi,
yana manyoya. Yana mikia.
Walabi. Walabi. Possam.
Wombati amelala kama gunia lililodondoka na kusahauliwa.
Balbu ya chai ilinificha yote,
nami nikauita ufinyu wake amani.

Huku watu husimama, hupapasa mfuko wa tumboni,
kwa kuwa mama hufa na mfuko haujaambiwa.
Wa tano alikuwa bado na joto.
Nikavua glavu, nikatafuta polepole
kama ninavyotafuta mshipa wa bibi mwenye miaka tisini,
na kitu kikanipiga teke kwenye kidole gumba.

Nikakitia kati ya sare na sweta.
Kilomita ishirini, mwendo wa arobaini.
Lori likaja; nikashusha taa, naye akashusha yake,
tukapishana kama manesi wawili kwenye wodi iliyolala.

Verity Pybus akafungua mlango na gauni la kulalia,
mikono imekwisha kunyooshwa.
«Wako wa ngapi?»
«Wa kwanza,» nikasema,
halafu nikatamani angeuliza kitu kingine.
Akakifunga kwa foronya, akapasha chupa,
akachungulia dirishani: ua mzima mweupe,
kamba ya nguo, kuku wameamka wakidhani ni asubuhi.
«Kaizime ile, mwanangu. Inaumiza macho.»

Nikatoka kuizima.
Nikakawia kidogo.